Jiko la Boksi: Kabati la Kuunganisha Limetoka Wapi Mpaka Likafika Kiriba?

Leo mastaa tunawaweka pembeni kidogo, tunaingia jikoni. Maana siku hizi mtu akijenga, kabla hata hajapaua, keshaposti picha ya makabati ya jikoni anayoyataka, yale meupe yenye vishikio vya rangi ya dhahabu. Na wengi hawachongeshi tena kwa seremala, wanaagiza ya kuunganisha. Linakuja boksi bapa, ndani kuna mbao zilizokatwa tayari, mfuko wa skrubu, bawaba, kile kifunguo kilichopinda kama herufi L na karatasi ya michoro isiyo na maneno. Unaunganisha mwenyewe. Ndivyo tunavyoambiwa.

Hii kitu nimeifuatilia kwa sababu ya stori moja ya kule Kiriba, Musoma Vijijini, ambayo nitaishusha hapo chini. Ila tupite kwenye historia kwanza, bila hiyo hutaelewa kwa nini mambo yalienda vile yalivyoenda.

Tuanze na neno lenyewe. Kabati tumelichukua kwa Waingereza, kama tulivyochukua meza kwa Wareno, na rafu na sanduku kwa Waarabu. Jiko na chungu ni vya kwetu. Sio kwamba watu hawakuwa na pa kuweka vyombo. Kule Lamu, nyumba za mawe za miaka ya 1700 zilikuwa na zidaka, yaani vishubaka vilivyojengwa ndani ya ukuta wenyewe na kupakwa chokaa, vikapangwa sahani na mabakuli kutoka China. Kabati na ukuta vilikuwa kitu kimoja. Huku kwetu kanda ya ziwa ukuta wa miti na udongo huwezi kuutundikia mzigo, kwa hiyo vyombo vikakaa nje juu ya kichanja, vinakaushwa na jua, na jiko likawa kibanda chake pembeni ili moshi usiingie ndani. Kabati la kwanza kuingia kwenye nyumba nyingi wala halikwenda jikoni, lilikaa sebuleni. Si unalijua lile lenye vioo, vyombo vya wageni ndani, funguo anayo mama.

Sasa hili wazo la kununua kitu vipandevipande lilianza wapi? Wengi watakutajia IKEA ya Sweden, na kweli katikati ya miaka ya 1950 mfanyakazi wao mmoja, Gillis Lundgren, aling'oa miguu ya meza ili iingie kwenye gari, na kampuni ikaona hapo kuna biashara. Lakini miaka karibu 100 kabla yake, mwaka 1859, kiwanda cha Thonet cha kule Austria kilitoa kiti namba 14, kiti cha vipande 6 vya mbao na skrubu 10. Viti 36 vilivyofumuliwa viliingia kwenye boksi la mita moja ya ujazo, vikasafirishwa dunia nzima. Ujanja ni uleule. Hewa hailipiwi nauli.

Na watu wa Musoma msijione wageni wa hili jambo, maana ziwa letu limekula vitu vya boksi kabla ya Dar kujua neno kabati la kuunganisha. Meli ya William Mackinnon ilitengenezwa Uskochi, ikafunguliwa, vipande vikaletwa Mombasa, na sehemu ya safari vikabebwa na watu kwa sababu reli ilikuwa haijafika ziwani. Ikaunganishwa Kisumu na kuingizwa majini mwaka 1900. Reli yenyewe ilifika Kisumu mwaka uliofuata. Halafu kuna ile ambayo babu na bibi zetu wameipanda, MV Victoria. Iliundwa Glasgow kwenye kiwanda cha Yarrow, ikafungwa kwa bolti kwanza waone kama vipande vinakaa sawa, ikafunguliwa tena, ikasafirishwa kwa meli hadi Mombasa na kwa treni hadi Kisumu, ikaunganishwa upya na kuanza kazi 1961. Fikiria kabati lako lina vipande 40 na tayari kichwa kinauma!

Hapa naomba uninyanyulie jicho kidogo. Zile meli hazikuja zenyewe na karatasi ya michoro. Zilikuja na mafundi wanaozijua, na pale Kisumu paliandaliwa mahali pa kuziunganishia, pamepimwa. Hiyo ndiyo sehemu ya stori ambayo sisi tunaoagiza mabokisi huwa tunairuka.

Turudi jikoni. Makabati ya kupangana ukutani, kaunta moja ndefu, sinki, droo, kila kitu kwa kipimo kimoja, chimbuko lake kubwa ni mji wa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1926. Mji ule ulikuwa unajenga nyumba nyingi za wafanyakazi, na dada mmoja mchora ramani, Margarete Schütte-Lihotzky, akapewa kazi ya jiko. Akachora jiko dogo la upana usiofika mita 2 na urefu wa kama mita 3 na nusu, akiiga jiko la behewa la chakula kwenye treni. Kulikuwa na vidroo vya alumini vya sukari na mchele vyenye mdomo wa kumiminia, na rangi ya bluu kwa sababu waliamini nzi hawaipendi. Kama majiko 10,000 yakafungwa. Gharama yake ikaingizwa kwenye kodi ya nyumba, kwa hiyo mpangaji alikuta jiko limeshakaa ukutani, ukuta na kabati vimechorwa na ofisi moja.

Cha kuchekesha, yule dada baadaye alisema wazi kwamba wakati anachora jiko lile hakuwa mpishi, hakuwahi kuendesha nyumba. Na wanawake waliopewa wakalalamika: jiko lina nafasi ya mtu mmoja tu, watoto hawaingii, huwezi kupiga stori na mtu huku unapika. Shikilia hilo.

Na bosi wake je? Aliyekuwa mkuu wa ujenzi pale Frankfurt aliitwa Ernst May. Mwaka 1934, akiwa hawezi kurudi Ujerumani ya Hitler, alikuja Tanganyika kulima shamba karibu na Arusha! Yaani mtu ambaye ofisi yake iliipa dunia jiko la makabati alikuwa mkoa jirani na Mara, analima. Baadaye alihamia Nairobi, akachora hoteli ya Oceanic Mombasa na hospitali ya wazazi ya Aga Khan kule Kisumu, na mwaka 1945 akabuni nyumba ya Waafrika ya vipande vya zege, unavileta tayari unavipachika. Nyumba ya boksi kabisa. Hiyo haikutamba. Mimi naona sababu sio zege, ni kwamba mtu wa huku anapenda nyumba anayoweza kuiongezea chumba akipata hela, na fundi wake yupo palepale kijijini.

Haya, sasa Kiriba. Kuna dada mmoja, jina kapuni, yuko Mwanza anahangaika na maisha, kamjengea mama yake nyumba ya tofali za kuchoma. Nyumba nzuri tu. Akaagiza makabati ya jikoni ya boksi, yakashuka Musoma kwa basi, yakapanda Noah mpaka kijijini. Hela aliyotumia ni ya upatu wa mwaka mzima. Kijana wa mtaani akaunganisha kwa kufuata picha, jioni moja kazi imeisha, picha zikarushwa, likes kama zote.

Ndani ya miezi michache la juu likaanza kuinama upande mmoja, milango haifungi. La chini, lile la sinki, likavimba miguuni kama mandazi. Dada akajua kauziwa feki. Akaitwa seremala wa palepale, mzee ambaye kazi yake miaka yote ni vitanda na makabati ya vioo, na mbao anazoziamini ni mninga na mkongo. Watu wakategemea atayasema vibaya yale makabati maana ndiyo yanayomnyima kula. Hakuyasema. Alitoa timazi, akaining'iniza ukutani, kamba ikakaa mbali na tofali kwa chini karibu vidole viwili.

"Mama, kabati halina kosa," akasema. "Lenyewe limenyooka. Ukuta ndio umelala."

Kiwandani wanakata mbao kwa milimita, na wanategemea ukuta wako nao ni wa milimita. Tofali la kuchoma halijui hizo habari, moja nene, moja jembamba, lipu ndiyo inaficha. Na ile mbao ni chembechembe za mti zilizogandishwa kwa gundi na kuvishwa ngozi ya plastiki. Ngozi ikipasuka pale ilipokatwa maji yakapenya, imekwisha, haikauki ikarudi. Mzee akafunga ubao mnene wa mninga ukutani, akauweka sawa kwa pimamaji na vipande vya mbao nyuma yake, ndipo akalining'iniza lile la juu. La chini akalinyanyua juu ya miguu ya zege, akaziba kingo zote. Malipo yake hayakufika hata robo ya bei ya boksi.

Kwa hiyo mdau unayetaka kuagiza, mimi ningekwambia mlipe fundi kabla hujalipa boksi. Aje na futi na pimamaji, akupe vipimo vya ukuta ulivyo kweli, sio vya kwenye ramani. Uulize na miguu ya kabati la sinki ni ya nini. Wauzaji wanachukia maswali haya, wewe uliza tu.

Kuna jambo moja ambalo timazi haikulitatua lakini. Yule mama hapikii mle ndani. Kuni ziko nje, mafiga yako nje, na ugali wa muhogo wa watu 9 hausongwi kwenye kaunta. Wakwe zake na majirani wanakaa kwenye vigoda pale nje, huyu anaparua sato, huyu anapepeta, wanacheka. Wale wanawake wa Frankfurt wangemwelewa. Binti akamuuliza, mama mbona hulitumii jiko? Akajibiwa, "Nalitumia mwanangu. Vyombo vya wageni vyote nimevihamishia kule."

Na funguo za milango miwili ya juu anazo yeye.