Jinsi prosesa zinavyogawana wavu unaobadilika

WATAALAMU wanaochunguza mwendo wa upepo, mlipuko wa nyota au miamba iliyo chini ya ardhi hutegemea programu za kuiga maumbile kwa hesabu. Programu hizo hugawanya eneo zima katika vipande vidogo vilivyoshikamana kama macho ya wavu wa mvuvi, kisha hukokotoa hali ya kila jicho, hatua baada ya hatua.

Kadiri macho yanavyokuwa madogo ndivyo matokeo yanavyoukaribia ukweli. Hata hivyo, gharama hupanda upesi. Jicho lenye umbo la mchemraba likipunguzwa upana kwa nusu, mahali pake huhitaji macho manane.

Mwaka wa 1984, Marsha Berger na Joseph Oliger walichapisha mbinu ya kupunguza gharama hiyo. Wavu wao hutiwa macho madogo pale tu penye mabadiliko makali, na kwingineko macho huachwa makubwa. Wimbi la mshtuko likisogea, macho madogo hulifuata.

Mzigo usio sawa

Kompyuta kuu huwa na maelfu ya prosesa, na kila moja hupewa sehemu yake ya wavu. Tatizo huanza wavu unapobadilika.

Kwa mfano, prosesa nne zina macho 1,000 kila moja. Macho 200 ya prosesa moja yakigawanywa mara nane, prosesa hiyo hubaki na macho 2,400. Kwa kuwa hatua inayofuata haianzi kabla ya wote kumaliza, zile tatu nyingine hukaa bure zaidi ya nusu ya muda, huku zikila umeme. Mzigo huo ungegawanywa sawasawa, kila prosesa ingepata macho 1,350.

Usawa pekee hautoshi. Macho yaliyo mpakani huhitaji habari za majirani walio katika prosesa nyingine, na kutuma habari huchukua muda. Hivyo mipaka yapasa kuwa mifupi.

Njia mbili

Njia ya kwanza huchukulia kila jicho kuwa kituo kilichounganishwa na majirani zake, kisha hutafuta mgawanyo unaokata viungo vichache iwezekanavyo. Programu ya METIS, iliyoundwa na George Karypis na Vipin Kumar wa Chuo Kikuu cha Minnesota katika miaka ya 1990, hufuata njia hii. Mipaka yake huwa mizuri, lakini hesabu zake ni nzito iwapo wavu hubadilika kila mara.

Njia ya pili hutumia mstari unaojaza nafasi, fikra iliyoanzishwa na Giuseppe Peano mwaka wa 1890 na kuendelezwa na David Hilbert mwaka wa 1891. Mstari hupita katika kila jicho mara moja, mithili ya uzi unaotunga shanga. Uzi huo hukatwa vipande vyenye uzito sawa, na kila prosesa hupokea kipande kimoja. Jicho likigawanywa, watoto wake huchukua nafasi yake kwenye uzi, na kinachobaki ni kusogeza sehemu za kukatia.

Programu ya p4est, iliyoelezwa mwaka wa 2011 na Carsten Burstedde, Lucas Wilcox na Omar Ghattas, hutumia mstari wa aina hiyo uliobuniwa na Guy Morton mwaka wa 1966. Mwaka wa 2015, utafiti ulioitumia kuiga mwendo wa miamba ya ndani ya dunia ulishinda tuzo ya Gordon Bell, baada ya kutumia zaidi ya viini milioni 1.5 vya kompyuta ya Sequoia, California.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba vipande huweza kuwa na mipaka iliyopindapinda, hivyo mawasiliano huongezeka. Aidha, kuhamisha macho kutoka prosesa moja hadi nyingine kuna gharama yake. Kwa sababu hiyo, programu nyingi hugawa mzigo upya pale tu ambapo muda utakaookolewa unazidi muda wa kuhamisha.