Jumapili ni Mapumziko ya Nani?



Ndugu wasomaji, kina baba, kina mama na vijana wetu, leo tunazungumzia jambo linaloonekana dogo: ile siku ya mwisho wa wiki ambayo familia hupumzika na kujiandaa kwa wiki inayokuja. Wengi wetu tunaichukulia kama kitu kilichokuwepo siku zote, mfano wa jua na mvua. Sivyo. Siku hiyo ina historia yake, na ndani ya historia hiyo mna swali linaloigusa kila nyumba: anayepumzika hasa ni nani?

Majina ya siku

Tuanze na lugha yetu. Kiswahili huhesabu siku kuanzia baada ya Ijumaa. Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ni ya pili, mpaka Jumatano ambayo ni ya tano. Halafu inakuja Alhamisi, jina la Kiarabu ambalo nalo lina maana ya siku ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza hesabu yao Jumapili. Ndiyo maana wiki yetu ina "tano" mbili zinazofuatana!

Majirani zetu wanahesabu kwa njia nyingine. Kwa Kinyarwanda na Kirundi "wa gatanu" ni Ijumaa, na kwa Kiganda Lwakutaano ni Ijumaa hiyo hiyo, kwani hesabu yao huanza Jumatatu. Mtoto wa Nyamirambo au Buyenzi anayesema lugha mbili amebeba kalenda mbili kichwani, moja inayozunguka Ijumaa na nyingine inayozunguka Jumapili.

Siku iliyowekwa kwa amri

Mwaka 321 mfalme wa Roma, Constantine, alitoa amri kwamba mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike Jumapili. Lakini wakulima aliwaruhusu waendelee na kazi zao mashambani, wasije wakapitwa na msimu. Tazameni, tangu mwanzo kulikuwa na watu walioachwa nje ya mapumziko, na watu hao ndio waliowalisha wenzao.

Kwa upande wetu Waislamu, Ijumaa haikuwa siku ya kukaa bure kutwa nzima. Sura ya Al-Jumu'a inatuamrisha tuache biashara inapoadhiniwa sala, na sala ikimalizika tutawanyike kutafuta riziki. Kuifanya Ijumaa yote kuwa siku ya mapumziko ni kazi ya serikali, na serikali zimebadilisha mara nyingi. Uturuki iliiweka Ijumaa kwa sheria mwaka 1924, kisha mwaka 1935 ikahamia Jumapili. Pakistani iliichukua Ijumaa mwaka 1977 na kuirudisha Jumapili mwaka 1997. Oman, ambako tuna jamaa wengi wanaosema Kiswahili, ilikuwa ikipumzika Alhamisi na Ijumaa mpaka mwaka 2013, ilipohamia Ijumaa na Jumamosi. Nayo serikali ya Falme za Kiarabu, tangu Januari 2022, hufanya kazi nusu siku Ijumaa na kupumzika Jumamosi na Jumapili.

Siku iliyodaiwa na wafanyakazi

Huko Uingereza sheria ya viwanda ya mwaka 1850 iliwaachia wanawake na vijana wa viwanda vya nguo kutoka kazini saa nane mchana siku ya Jumamosi. Marekani, kampuni ya magari ya Ford ilianza wiki ya siku tano mwaka 1926, na sheria ya mwaka 1938 ikafungua njia ya wiki ya saa 40. Nyuma ya mabadiliko haya kulikuwa na miaka mingi ya madai ya wafanyakazi na migomo yao.

Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kwamba mfanyakazi wa kiwandani apate saa 24 mfululizo za kupumzika katika kila siku saba. Wa madukani na maofisini walipata mkataba wao mwaka 1957. Je, mtumishi wa ndani, yule anayepika, kufua na kulea watoto wetu? Mkataba uliomtaja yeye kwa saa hizo hizo 24 ulipitishwa mwaka 2011. Hesabuni wenyewe: miaka 90 baada ya mtu wa kiwandani!

Na mama mwenye nyumba hana mkataba wowote. Wengine wakisema "leo ni mapumziko", kwake yeye ndiyo siku ya wageni, ya sufuria kubwa na ya beseni la nguo za wiki nzima.

Mapumziko huandaliwa

Wayahudi wa Morocco walikuwa na desturi ya kupeleka chungu cha chakula kwenye tanuri la mtaa Ijumaa alasiri, kikapikika polepole usiku kucha, ili Jumamosi, siku yao ya Sabato, pasiwe na mtu wa kuwasha moto. Hapa pana somo: siku ya kupumzika hupatikana pale kazi yake inapofanywa mapema, na na mikono mingi.

Sisi tufanyeje? Rwanda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi ni ya umuganda, na watoto wetu wengi wana madrasa mwisho wa wiki. Kwa hiyo kila familia ipange kulingana na hali yake. Tunapendekeza kazi zigawanywe na zimalizike kabla ya adhuhuri. Baba aende sokoni. Vijana wa kiume wafue na kupiga pasi sare zao wenyewe. Wadogo wang'arishe viatu na kupanga madaftari. Maharage ya siku mbili tatu yachemshwe mara moja. Dada wa kazi apewe siku yake kamili, aende kwa ndugu zake, na mshahara wake usikatwe. Baada ya adhuhuri, mama naye akae. Akitaka kulala alale, akitaka kumtembelea dada yake aende, na asirudi akakuta vyombo vinamsubiri.

Tukiona wiki inaanza Jumatatu na mtu mmoja nyumbani tayari amechoka, basi tujue kwamba siku ile hatukupumzika. Tulimwachia yeye kazi yetu.

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu na atujaalie kuhurumiana. Amin.

Wabillahi tawfiq.