Mfupa wa Ishango na Namba Tasa

Kaskazini ya Goma kuna Ziwa Edouard. Mahali mto Semliki unapotoka ziwani panaitwa Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, alipokuwa akichimba huko, alipata mfupa mdogo wenye urefu wa sentimeta 10 hivi. Wataalamu wanaukadiria kuwa na umri wa miaka 20,000 au zaidi. Leo unatunzwa Bruxelles.

Mfupa huo umechongwa chale katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya chale 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Jumlisha kila moja ya safu hizo mbili: utapata 60.

Sasa twaa maharage 12. Utaweza kuyapanga mistari 3 ya maharage manne manne. Ongeza moja, yawe 13. Hata ukijaribu namna gani, hayapangiki mistari iliyo sawa, ila mstari mmoja mrefu tu, au moja moja. Namba ya namna hiyo huitwa namba tasa. Na tazama: 11, 13, 17 na 19 ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20! Ndiyo maana wengine wamesema kwamba wazee wa Ishango walizijua.

Je, ni kweli? Twatamani iwe hivyo, kwani ni sifa ya nchi yetu. Lakini asiyejua kugawanya hawezi kusema namba fulani haigawanyiki, na mfupa hautuonyeshi kugawanya. Tena 21 na 9 si tasa. Mtaalamu mwingine, Alexander Marshack, aliona katika chale hizo hesabu ya siku za mwezi.

Hata wasomi wakubwa hukosea katika jambo hili. Padre Marin Mersenne wa Ufaransa aliandika mwaka 1644 kwamba ukizidisha 2 zilizo 67 pamoja, kisha ukatoa 1, utapata namba tasa. Namba hiyo ni 147,573,952,589,676,412,927. Nani angeweza kumbishia? Ilipita miaka zaidi ya 200. Mwaka 1876 Édouard Lucas alionyesha kwamba si tasa, na mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole akazitaja namba mbili zinazoizaa: 193,707,721 na 761,838,257,287.

Basi, namba haijulikani kwa sura yake, wala kwa heshima ya aliyeitaja. Sharti ipimwe. Na mfupa wetu vivyo hivyo. Tunaloliona kwa macho ni hili: zamani sana, kando ya ziwa letu, mtu alikaa akachonga chale fungu kwa fungu, na wataalamu wengi wanasema alikuwa akihesabu. Sifa hiyo si ndogo. Tuwasimulie watoto wetu kwa furaha, bila kuongeza tusiloweza kulithibitisha.