Gail Halvorsen

Gail Seymour Halvorsen (Salt Lake City, Utah, 10 Oktoba 1920 – Provo, Utah, 16 Februari 2022) alikuwa rubani wa Jeshi la Anga la Marekani aliyestaafu akiwa na cheo cha kanali. Anajulikana hasa kwa kuwadondoshea pipi na chokoleti watoto wa Berlin Magharibi wakati mji huo ulipozingirwa na Umoja wa Kisovyeti miaka 1948–1949. Watoto walimwita "Mjomba Mtikisa Mabawa", na magazeti ya Marekani yalimpa jina la "rubani wa mabomu ya pipi".

Aliishi miaka 101. Alikuwa mume, baba wa watoto watano, na baadaye babu wa ukoo mkubwa.

Maisha ya awali

Halvorsen alizaliwa mjini Salt Lake City katika jimbo la Utah, lakini alikulia mashambani, kwanza katika jimbo la Idaho na baadaye Garland, kaskazini mwa Utah. Wazazi wake, Basil na Luella, walikuwa wakulima wadogo. Kama watoto wengi wa wakulima wa sehemu hizo, alifanya kazi katika mashamba ya viazisukari, na baadaye alisimulia kwamba ndege zilizopita juu ya shamba ndizo zilizomtia hamu ya kuwa rubani. Familia yake ilikuwa ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na imani hiyo aliishika hadi kufa kwake.

Mwaka 1941 alipata leseni ya urubani kupitia mpango wa serikali wa kufundisha raia kurusha ndege. Wakati huohuo alisoma katika chuo cha kilimo mjini Logan, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah. Huko alifahamiana na mwanafunzi mwenzake, Alta Jolley, aliyekuja kuwa mke wake.

Mwaka 1942 alijiunga na jeshi la anga. Alipata mafunzo ya ndege za kivita pamoja na Waingereza mjini Miami, jimbo la Oklahoma, kisha akapangiwa kuendesha ndege za uchukuzi katika eneo la Atlantiki ya Kusini. Hivyo Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipomalizika mwaka 1945, yeye alikuwa amebeba mizigo na watu, si mabomu. Lakini baadhi ya marafiki zake walikufa vitani, na hakuwa na sababu ya kuwapenda Wajerumani.

Kuzingirwa kwa Berlin

Baada ya vita Ujerumani iligawiwa katika kanda nne chini ya Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovyeti. Mji mkuu Berlin uligawiwa vilevile, ingawa ulikuwa ndani kabisa ya kanda ya Kisovyeti, takriban kilomita 160 kutoka kanda za magharibi.

Mnamo Juni 1948 nchi za magharibi zilianzisha sarafu mpya katika maeneo yao. Umoja wa Kisovyeti ulijibu kwa kufunga barabara, reli na mifereji yote ya kuingia Berlin Magharibi kuanzia tarehe 24 Juni. Zaidi ya watu milioni 2 walibaki bila njia ya kupata chakula, dawa na makaa ya mawe, isipokuwa njia ya anga. Siku mbili baadaye ndege za kwanza za misaada zilianza kuruka.

Tarehe za mwanzo za Julai Halvorsen, aliyekuwa luteni, alipelekwa kituo cha Rhein-Main karibu na Frankfurt. Alirusha ndege aina ya C-54 Skymaster yenye injini nne, iliyobeba takriban tani 10 za mizigo kwa safari moja. Ndege zilitua na kuondoka mfululizo usiku na mchana. Rubani alishusha shehena ya unga au makaa, akageuza ndege, akarudi kuchukua nyingine. Katika kipindi chake Berlin alifanya safari 126.

Watoto wa uzioni

Tarehe 17 Julai 1948 Halvorsen alitumia muda wake wa mapumziko kuutembelea mji aliokuwa akiulisha bila kuuona. Katika uwanja wa ndege wa Tempelhof alikuta watoto wapatao 30 nje ya uzio wa seng'enge, wakitazama ndege zinavyotua. Wengine walijua Kiingereza kidogo, wakazungumza naye.

Halvorsen alisimulia mara nyingi kwamba mambo mawili yalimgusa siku hiyo. La kwanza ni kwamba watoto walimwuliza zaidi juu ya uhuru wao kuliko juu ya chakula: walisema wanaweza kuvumilia chakula kidogo kwa muda, bali wakipoteza uhuru huenda wasiupate tena. La pili ni kwamba hakuna hata mmoja aliyemwomba kitu. Katika nchi nyingine alizopita wakati wa vita, watoto walizoea kuwaombaomba askari wa Marekani pipi.

Mfukoni alikuwa na vipande viwili tu vya chingamu. Alivikata nusunusu, akavipitisha kwenye uzio. Watoto hawakugombania. Waliopata waliwachania wenzao karatasi ya kufungia, na waliopata kipande cha karatasi walikinusa.

Hapo Halvorsen aliwaahidi kwamba kesho yake angewadondoshea vingine kutoka angani, mradi wagawane wote. Walipouliza watamtambuaje kati ya ndege nyingi zinazofanana, aliwaambia watazame ndege itakayotikisa mabawa yake. Ishara hiyo aliitumia zamani kuwasalimia wazazi wake kila aliporuka juu ya shamba lao.

Usiku huo yeye na wenzake wawili wa ndege waliunganisha posho zao za pipi na chokoleti. Kwa kuwa kifurushi kizito kingeweza kumwumiza mtoto, walitumia leso kama parachuti, wakifunga pipi kwa nyuzi. Siku iliyofuata parachuti tatu ndogo zilitoka katika ndege muda mfupi kabla ya kutua.

Operesheni ya vyakula vidogo

Kwa wiki kadhaa udondoshaji uliendelea kimyakimya, kwani Halvorsen hakuwa ameomba ruhusa ya wakubwa wake. Umati wa watoto uzioni uliongezeka, na barua zikaanza kufika Tempelhof zikiwa zimeandikwa kwa "Mjomba Mtikisa Mabawa" au "Rubani wa Chokoleti". Siri ilifichuka gazeti lilipotoa habari ya ndege yake. Kamanda wake alimwita na kumkaripia. Lakini Jenerali William H. Tunner, aliyeongoza usafirishaji wote wa Berlin, aliona faida yake na kuagiza kazi iendelee. Tangu Septemba 1948 ikawa shughuli rasmi ya jeshi.

Operesheni kuu ya Wamarekani iliitwa kwa jina lenye maana ya "vyakula"; hii ya pipi ikaitwa "vyakula vidogo". Marubani wengine walijiunga. Nchini Marekani watu walituma leso na pipi, na chama cha watengenezaji wa pipi kilichangia kwa wingi. Katika mji wa Chicopee, jimbo la Massachusetts, wanafunzi wa shule 22 walikusanyika katika kituo cha zamani cha zimamoto kufunga pipi kwenye parachuti kabla ya kuzisafirisha.

Hadi operesheni ilipomalizika mnamo Mei 1949, tani 23 hivi za pipi zilikuwa zimedondoshwa kwa parachuti zinazokadiriwa kuwa 250,000. Zilidondoshwa pia upande wa mashariki wa mji, mpaka Wasovyeti walipolalamika na Halvorsen akaamriwa aache.

Wajerumani waliziita ndege zote za misaada "ndege za kudondosha zabibu kavu", na jina hilo linatumika hadi leo.

Barua mbili

Kati ya barua za watoto, mbili zinasimuliwa mara nyingi.

Mvulana mmoja alituma ramani ya kumwonyesha rubani nyumba yake ilipo. Pipi zilipokosa kufika, aliandika tena akilalamika: amempa ramani, naye bado anapotea, basi Wamarekani walishindaje vita? Halvorsen alimtumia pipi kwa posta.

Msichana wa miaka 7 aliandika kwamba ndege zinawatisha kuku wao hata hawatagi mayai. Hata hivyo, rubani akiona kuku weupe, adondoshe pipi hapohapo, kuku wakitishika si neno. Halvorsen hakuweza kuwaona kuku hao kutoka angani, hivyo naye alimtumia kifurushi na barua. Mnamo 1972, aliporudi Berlin kikazi, mama mmoja kijana alimkaribisha nyumbani kwake pamoja na mkewe, akamtolea barua ile kutoka kabatini. Ndiye aliyekuwa msichana wa kuku weupe. Familia hizo mbili ziliendelea kuwa marafiki kwa miaka mingi.

Uzito wa pipi katika msaada wote

Katika hesabu ya Berlin pipi hazikuwa kitu. Kwa ujumla ndege zilipeleka takriban tani milioni 2.3 za mizigo kwa safari zaidi ya 277,000, na takriban theluthi mbili za uzito huo zilikuwa makaa ya mawe. Gharama yake ilikuwa pia ya uhai: watu wapatao 101 walikufa, wakiwemo Waingereza 39 na Wamarekani 31. Umoja wa Kisovyeti ulifungua njia tarehe 12 Mei 1949, na safari za misaada zilisimama mwisho wa Septemba.

Lakini miaka mitatu tu kabla ya hapo ndege za Marekani na Uingereza zilikuwa zikiushambulia mji huohuo kwa mabomu. Mtoto wa miaka 7 au 8 aliweza kukumbuka kelele zile na mbio za kwenda kujificha. Sasa sauti ileile ya injini ilimtoa nje akitazama juu. Halvorsen mwenyewe alisema mara nyingi kwamba kazi ile haikuhusu pipi bali matumaini: mtoto aliyeokota parachuti alijua kwamba kuna mtu mahali fulani anayemkumbuka. Upande wa pili, yeye pamoja na marubani wenzake, ambao baadhi yao waliwahi kuushambulia mji huo, walipata namna nyingine ya kuwatazama adui wa jana.

Ndoa na familia

Halvorsen alirudi Marekani mnamo Januari 1949 akimwachia mwenzake, kapteni Lawrence Caskey, kazi ya kudondosha pipi. Mwezi Aprili mwaka huohuo alimwoa Alta Jolley mjini Las Vegas. Walijaliwa watoto watano, na familia ilihamahama pamoja naye kadiri ya vituo vyake vya kazi.

Alta alifariki mwaka 1999, karibu miaka 50 baada ya ndoa yao. Baadaye Halvorsen alimwoa Lorraine Pace, aliyemfahamu tangu ujana wao. Katika miaka yake ya uzeeni alisafiri mara nyingi akisindikizwa na watoto wake.

Kazi ya baadaye

Jeshi lilimpeleka Chuo Kikuu cha Florida, alikopata shahada ya kwanza na ya uzamili katika uhandisi wa vyombo vya anga. Baada ya hapo alifanya kazi katika miradi ya utafiti wa roketi na vyombo vya anga za juu. Kuanzia 1970 hadi 1974 alikuwa kamanda wa kituo cha Tempelhof, uwanja uleule alikozungumza na watoto uzioni. Alistaafu tarehe 31 Agosti 1974 akiwa amerusha ndege kwa zaidi ya saa 8,000.

Baada ya kustaafu alihudumia wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Brigham Young mjini Provo kwa miaka kumi, 1976–1986. Yeye na Alta walifanya pia kazi ya umisionari ya kanisa lao nchini Uingereza, na katikati ya miaka ya 1990 nchini Urusi, kwa watu wa taifa ambalo serikali yake ya zamani ndiyo iliyoizingira Berlin.

Hakuacha kuruka. Mwaka 1994 alishiriki safari ya ndege ya jeshi iliyodondosha chakula kwa wakimbizi wa vita vya Bosnia. Mwaka 1998, kwenye maadhimisho ya miaka 50, alirudi Berlin kwa ndege ya kale aina ya C-54.

Heshima na kumbukumbu

Ujerumani Magharibi ilimtunuku Nishani ya Msalaba wa Ustahili mwaka 1974. Katika ufunguzi wa Olimpiki ya majira ya baridi ya Salt Lake City mwaka 2002, yeye ndiye aliyebeba kibao cha jina la Ujerumani mbele ya wanamichezo wa nchi hiyo. Mwaka 2014 Bunge la Marekani lilimpa Nishani ya Dhahabu.

Mjini Berlin shule moja ya sekondari inaitwa kwa jina lake. Mwaka 2019, kwenye maadhimisho ya miaka 70 tangu kumalizika kwa uzingiraji, uwanja wa besiboli huko Tempelhof ulipewa pia jina lake. Halvorsen, aliyekuwa na miaka 98, alihudhuria mwenyewe.

Uwanja wa ndege wa Tempelhof ulifungwa mwaka 2008. Eneo lake sasa ni bustani kubwa ya umma, na njia za zamani za kurukia ndege hutumiwa na waendesha baiskeli na watoto wanaorusha tiara.