Si Kubana, ni Kufinya

Taa ya kulia ya gari letu, Probox, ilikuwa ikiwaka inapotaka yenyewe. Tulikuwa tumesimama Kombani, pale barabara ya Kwale inapochepuka kutoka ile ya Likoni kwenda Lunga Lunga, na jua lilikuwa linazama. Fundi alifungua boneti, akabandua tepu nyeusi iliyozungushiwa waya. Ilitoka inanata kama ubani uliotafunwa. Chini yake shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani.

"Mjomba, nibanie tu hapo, nina abiria," dereva akasihi.

"Si ndivyo ulivyobaniwa juzi?" fundi akamjibu. "Hapa hapataki kubanwa, pataka krimpu."

Abiria mmojawapo nilikuwa mimi, na neno hilo lilinishughulisha hadi Kwale mjini. Fundi alijua kwamba kubana ni jambo moja na kukrimpu ni jingine, ila la pili hakuwa na Kiswahili chake.

Kukrimpu ni kuunganisha waya na teminali, kile kipande cha chuma kinachoshika ncha yake, bila moto, bila risasi na bila skrubu. Waya humenywa ngozi kidogo, nyuzi zake za shaba hulazwa katikati ya mbawa za teminali, kisha koleo huzikunja mbawa hizo na kuzigandamiza mpaka nyuzi na teminali zibadilike umbo. Ukikikata kiungo kizuri kwa msumeno na kukitazama kwa lenzi, huoni tena nyuzi za duara. Utaona vipande vyenye pembe vilivyoshikana kama vyumba vya sega la asali. Hewa haina pa kupita.

Hewa ndiyo adui. Kuanzia Waa na Tiwi hadi Diani na Msambweni, upepo wa bahari hubeba unyevu wenye chumvi, na chumvi ikipata upenyo katikati ya nyuzi, shaba huanza kuliwa. Taa ya wati 55 kwenye gari la volti 12 huvuta takriban ampea 4.6. Kiungo kikipata ukinzani wa sehemu moja tu ya kumi ya ohm, karibu nusu volti hupotea hapo, na wati mbili hugeuka joto mahali padogo kuliko punje ya hindi. Joto hulegeza kiungo, nacho kikilegea huzidi kupata joto. Mwisho wake ni soketi iliyoungua, na dereva hulaumu balbu.

Sasa tukitafutie kitendo hiki jina. Kuna watakaosema tubaki na krimpu, kama tulivyobaki na breki, gia na fyuzi. Sina ugomvi na maneno ya kuazima. Lakini breki hujieleza kwa mguu: ukikanyaga, gari linasimama. Krimpu haimwelezi chochote kijana anayejifunza kazi. Akiona mwalimu wake ameminya kwa plaisi, ataminya kwa plaisi.

Kubana ndilo neno lililo karibu, na ndilo linalopotosha. Kinachobanwa hushikwa tu, na kikiachiwa hurudi kilivyokuwa: nywele hubanwa kwa kibanio, nguo hubanwa kwenye kamba. Anayeamini kwamba kazi ni kubana ataridhika waya usipochomoka. Kukaza ni kwa nati na skrubu. Kulehemu ni kuyeyusha risasi, nayo ni kazi nyingine kabisa. Tena kwenye gari ina kasoro yake: risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na pale ugumu unapoishia waya hukatika kwa kutikisika. Hata kupaka nyuzi risasi kabla ya kukrimpu ni kosa, kwa sababu risasi iliyogandamizwa husogea polepole na kiungo hulegea.

Nasimama na kufinya. Najua kuna atakayecheka, kwani kufinya ndiko anakofanya mama mtoto wake anapopiga kelele harusini. Lakini mtoto huyo atakwambia kwamba kufinywa huacha alama. Uso wa mzee hufinyana na hautanuki tena. Mfinyanzi hufinyanga udongo, na udongo hauwi tena bonge. Katika ukoo huu wa maneno kitu hubadilika umbo, na hicho ndicho kiini cha kazi yenyewe. Basi kitendo kiwe kufinya, kiungo kiwe mfinyo, na kifaa kiwe koleo la mfinyo.

Jina likishakaa, nalo huanza kudai haki zake. Mfinyo wadai kinywa cha koleo kilichochongwa kwa umbo la teminali yake. Teminali ya mbawa huhitaji kinywa kinachozikunja mbawa kwa ndani na kuzizamisha kati ya nyuzi, na ina jozi mbili: ya mbele hufinya shaba, ya nyuma hushika ngozi ya waya ili mtikisiko usiifikie shaba. Teminali zenye vazi la plastiki zina kinywa chao, na rangi ndiyo kipimo: nyekundu kwa waya wa milimita za mraba 0.5 hadi 1.5, buluu kwa 1.5 hadi 2.5, njano kwa 4 hadi 6. Waya mwembamba ndani ya teminali ya njano hauwi mfinyo hata ukiuminya kwa mikono miwili.

Koleo lenyewe liwe la racheti. Hilo halifunguki mpaka limefika mwisho wa kufinya, kwa hiyo halijali kama fundi amechoka au dereva ana haraka. Baada ya mfinyo, shika waya uuvute kwa nguvu. Ukichomoka mkononi mwako, shukuru haukuchomoka barabarani usiku. Kisha ufunike kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, au tumia konekta yenye vizibo vya mpira. Tepu gundi yake hulainika kwa joto la injini, kama tulivyoiona Kombani.

Pwani hii haikuwa na uchoyo wa maneno ya ufundi. Waunda majahazi hawakusema tu kwamba wanaziba nyufa. Walikuwa na kukalafati, kushindilia pamba kati ya mbao mpaka maji yasipate njia, na kila aliyelisikia neno hilo alijua ni pamba na ni nyundo. Usukani nao ulitoka chomboni, ukapanda gari, na leo hakuna anayekumbuka kwamba ulikuwa baharini.

Kwa hiyo nawaomba mafundi wa Kombani, Ng'ombeni na Ukunda: mkimfundisha kijana, msimwambie abane. Mwambieni afinye, kisha avute.