Majarida ya sayansi: juu ya nini hata vyuo vikuu tajiri vinalia bei?

Tarehe 28 Februari 2019, Chuo Kikuu cha California, kule Marekani, kilivunja mazungumzo na Elsevier, kampuni kubwa ya kuchapisha majarida ya sayansi. Kilikuwa kinailipa zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka.

Juu ya nini bei inapanda?

Profesa anafanya utafiti, anaandika makala na kuitoa bure. Maprofesa wenzake wanaikagua, mara nyingi bure pia. Kisha maktaba ya chuo inapashwa kulipa ili isomwe. Na hakuna soko lingine la kwenda: jarida moja lina muuzaji mmoja. Mwaka wa 2012, hata Harvard ililalamika: ilikuwa inalipa karibu dola milioni 3,75 kwa mwaka, na majarida mengine yalifika dola 40 000 moja.

Tena majarida yanauzwa kwa kifurushi. Ni kama kulazimishwa kununua gunia zima la mihogo, na wewe unataka kilo mbili tu. Kifurushi kikipanda, feza za vitabu zinapunguka.

Maktaba zinafanya nini?

Zinahesabu kila jarida limefunguliwa mara ngapi, kisha zinagawanya bei kwa hesabu hiyo. Lenye bei kali na wasomaji wachache linakatwa.

California, mlango wa makala mpya ulifungwa Julai 2019. Zile za zamani zilizolipiwa zilibaki. Kwa zingine, wasomaji waliomba nakala kwa maktaba jirani ao kwa waandishi wenyewe. Machi 2021 mkataba mpya ulipatikana: makala za watafiti wa California zitasomwa bure na watu wote.

Na Congo je?

Congo iko kundi A la mpango wa Research4Life, ulioanza 2002 kwa upande wa afya. Chuo kilichojiandikisha kinasoma maelfu ya majarida bure, kama umeme na intaneti vipo.

Shida inabaki upande wa kuandika. Pahali kusoma ni bure, mara nyingi mwandishi ndiye analipa, pengine zaidi ya dola 2 000 kwa makala moja. Wachapishaji wengi wanaondoa malipo hayo kwa watafiti wa inchi za kundi A, lakini mtafiti aulize mbele ya kutuma makala. Akingoja mpaka ikubaliwe, anaweza kuwa amechelewa.