Majivu ya Mama Wangari: fundisho kwa sisi tunaozika

Kwetu Sake, sawa na Masisi na Walikale yote, mfu anawekwa udongoni. Kuchoma maiti si desturi yetu.

Lakini tumukumbuke Mama Wangari Maathai wa Kenya, aliyepewa Nobeli ya Amani mwaka 2004. Tangu 2005 alikuwa balozi wa pori la bonde la Kongo, njo kusema hata miti ya Walikale alikuwa anaitetea. Alikufa tarehe 25 Septemba 2011, akiacha wasia asizikwe ndani ya sanduku la mbao. Jamaa walitii. Sanduku lilifanywa kwa mafunjo, mianzi na magugumaji, na tarehe 8 Oktoba mwili ulichomwa kule Kariokor, Nairobi. Wengi walishangaa, sababu Wakikuyu nao wanazika. Majivu hayakutupwa: yalizikwa Kabete, kwenye chuo chenye jina lake cha Universite ya Nairobi.

Huku kwetu, vita imefanya wengi wazike watu wao mbali na kijiji. Njo maana tunasema: moto ao udongo, si neno kubwa. Kubwa ni mtu aseme mapenzi yake angali hai, jamaa wayaheshimu, na kuwe mahali pa kuonyesha wajukuu: "Babu yenu iko hapa."